Tunamzika wakala wa safari bila kuijua kazi yake

Oktoba 2025 kampuni ya OpenAI ilitangaza kwamba Expedia na Booking.com, tovuti kubwa za kuuza safari na hoteli, zitapatikana ndani ya ChatGPT, programu yake ya mazungumzo: mtu aandike tu anakotaka kwenda na tarehe zake, aletewe ndege na hoteli hapo hapo kwenye mazungumzo. Hukumu iliyokuwa imeanza kusikika kabla ya hapo sasa inarudiwa kila mahali, kwamba kazi ya wakala wa safari imekwisha. Kama mashine inatafuta nauli, inalinganisha hoteli na kupanga ratiba kwa sekunde chache, mtu anayekaa ofisini akikutafutia tiketi ana faida gani tena? Swali hilo linasikika kuwa la busara. Mimi naona limeulizwa vibaya, na kwa sababu limeulizwa vibaya tunajiandaa kupoteza kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukitazama sawasawa.

Hoja yangu ni hii. Kutafuta ni sehemu ndogo ya kazi ya wakala, na sehemu hiyo imekuwa ya bure kwa zaidi ya miaka 20. Anachouza wakala, anapoifanya kazi yake ipasavyo, ni dhamana: anasimama kati ya fedha za msafiri na kampuni itakayomsafirisha, na anabeba wajibu wa kuifuatilia safari tangu malipo yanapofanyika hadi abiria anaporudi. Kwa hiyo tunapoambiwa mashine imechukua nafasi yake, haitoshi kuuliza kama mashine inajua kutafuta. Inajua, na itazidi kujua. La kuuliza ni nani anayeilipa, na nani atajibu pale safari itakapoharibika.

Biashara hii ilizaliwa na dhamana tangu mwanzo. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, fundi wa samani na mhubiri aliyepinga ulevi, aliwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, nchini Uingereza, kila mmoja akilipa shilingi moja. Treni ilikuwepo bila yeye, na mtu yeyote angeweza kununua tiketi yake mwenyewe. Alichofanya Cook ni kwenda kwa kampuni ya reli kwa niaba ya watu ambao kampuni haikuwajua, akapatana bei ya kundi zima na kubeba jukumu la safari. Miaka ya 1860 alianzisha kuponi za hoteli: msafiri analipia nyumbani kwa fedha anayoijua, anapewa kuponi, anaikabidhi hotelini katika nchi ya kigeni, kisha mwenye hoteli anadai malipo yake kwa Cook. Mwenye hoteli hakuwa na sababu ya kumwamini mgeni anayemwona kwa mara ya kwanza, na mgeni hakuwa na sababu ya kumwamini mwenye hoteli. Wote wawili walimwamini mtu wa tatu. Hapo ndipo wakala wa safari alipopata kazi, na ukiyaondoa mavazi yote ya teknolojia yaliyofuata, hapo ndipo alipo hadi leo.

Usafiri wa anga ulipokua, imani hiyo ikawekewa utaratibu. Shirikisho la mashirika ya ndege duniani, IATA, liliundwa Aprili 1945 mjini Havana, na baadaye likawa mlango ambao wakala hupitia ili aruhusiwe kutoa tiketi za mashirika mengi. Mwaka 1971 likaanzisha mfumo wa pamoja wa malipo, maarufu kwa kifupi cha BSP. Badala ya kila wakala kumlipa kila shirika peke yake, mauzo yote hukusanywa sehemu moja, wakala analipa kwa mkupuo katika tarehe iliyopangwa, na mfumo unagawa fedha kwa mashirika. Ili aingie humo, wakala huonyesha hesabu zake na mara nyingi huweka dhamana ya benki au bima, kwa sababu tiketi anazotoa leo ni fedha za watu zitakazofika kwa mashirika baada ya siku kadhaa.

Jambo ambalo abiria wengi hawalijui ni kwamba wakala akikosea, shirika humdai yeye. Tuseme ametoa tiketi kwa nauli iliyotaka inunuliwe siku 14 kabla ya safari, naye ameitoa siku ya 13, au ametumia nauli ya mwanafunzi kwa mtu asiye mwanafunzi. Wiki kadhaa baadaye, pengine abiria ameshasafiri na kurudi, shirika linamletea wakala hati ya madai ya tofauti ya nauli, inayojulikana kwenye ofisi za tiketi kama ADM. Inatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana wakala mzoefu husoma masharti ya nauli mstari kwa mstari kabla ya kubonyeza, hasa kipengele cha 16, kinachoeleza adhabu za kubadili na kufuta. Uangalifu huo umejengwa juu ya hofu ya haki kabisa ya kupoteza fedha zake. Mashine ya mazungumzo inayokupa jibu zuri lenye kosa haina hofu hiyo, isipokuwa sheria imlazimishe mwenye mashine awe nayo.

Mapato ya wakala nayo yana historia yake, na bila kuijua hutaelewa kwa nini watu wengi wanamshuku. Kwa miaka mingi mashirika ya ndege ya Marekani yalimlipa kamisheni ya karibu asilimia 10 ya nauli. Februari 1995 Delta iliweka ukomo wa dola 50 kwa tiketi ya kwenda na kurudi ndani ya nchi, na mashirika mengine makubwa yakafuata. Machi 2002 Delta ikaifuta kabisa kamisheni ya msingi kwa tiketi zinazotolewa Marekani na Kanada, na wenzake wakafuata tena. Maelfu ya ofisi zilifungwa. Waliobaki walijifunza kumtoza msafiri ada ya huduma, kununua vyumba na nauli kwa bei ya jumla na kuongeza faida yao juu yake, kupokea kamisheni za hoteli na meli za kitalii, na kulipwa kidogo na mifumo mikubwa ya kuweka nafasi kwa kila kipande cha safari wanachokiingiza humo. Yapo pia malipo ya motisha ambayo shirika humpa wakala akifikisha kiwango fulani cha mauzo. Hayo mteja hayaoni popote kwenye risiti.

Sasa tuzisikilize hoja za wanaosema wakala aondoke, kwa sababu baadhi ni nzito. Nzito kuliko zote ni upendeleo. Mtu anayelipwa na muuzaji anawezaje kumshauri mnunuzi kwa haki? Hofu hii ina ushahidi wa kihistoria. Mfumo wa kuweka nafasi za ndege wa Sabre, uliobuniwa na shirika la ndege la American Airlines pamoja na kampuni ya kompyuta ya IBM na kuanza kazi mwaka 1960, uliingizwa kwenye meza za mawakala mwaka 1976. Mawakala wakawa wanauza zaidi ndege zinazoonekana kwenye ukurasa wa kwanza wa skrini, kama ambavyo sisi leo hatufungui ukurasa wa pili wa matokeo. Wenye mifumo walilijua hilo, wakapanga ndege zao wenyewe zitangulie, hata pale ndege ya mshindani ilipokuwa na ratiba bora. Hali ilifikia hatua ya serikali ya Marekani kuingilia kati mwaka 1984 kwa kanuni zilizopiga marufuku mpangilio wa upendeleo. Wakala aliyekuwa akimwambia mteja kwa moyo safi kwamba hii ndiyo ndege nzuri alikuwa anasoma skrini iliyopangwa na mtu mwenye maslahi.

Nakubaliana na hoja hiyo yote. Inanishangaza tu kwamba wanaoitoa wanaishia hapo na kudhani mashine mpya imezaliwa bila mwajiri. Msaidizi wa akili mnemba anapokuletea hoteli tatu kati ya maelfu, tatu hizo zimetoka wapi? Kama zimetoka kwenye hazina ya kampuni inayolipwa kamisheni na hoteli, basi tumerudi kwenye ukurasa wa kwanza wa Sabre, tena ukurasa wenyewe umefupishwa. Mwaka 1980 wakala angalau aliweza kutelezesha skrini hadi kurasa za nyuma akaona walioachwa. Anayepewa majibu matatu kwa lugha tamu haoni kilichoachwa, wala haoni kwamba kuna kilichoachwa. Upendeleo ni sababu ya kudai uwazi kutoka kwa kila anayeuza safari, awe mtu au programu. Hauwezi kuwa sababu ya kumwondoa mmoja na kumsamehe mwingine.

Hoja ya pili ni kwamba taarifa zote sasa ziko wazi. Hii nayo ina ukweli, na mawakala wanaoipinga wanajidhuru. Mtu anayekwenda mji mmoja na kurudi kwa shirika moja, kwa tarehe anazozijua, hahitaji wakala. Akate tiketi yake kwenye tovuti ya shirika, amalize. Biashara yoyote iliyoishi kwa sababu tu mteja hakuweza kuiona bei mwenyewe ilistahili kufa, na nyingi zilikufa miaka ya 2000 kwa sababu hiyo hiyo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: mwondoe mtu wa kati na bei itashuka. Ingekuwa kweli, intaneti ingekuwa imeshaondoa watu wa kati. Imefanya kinyume. Mwaka 1996 Microsoft ilizindua Expedia, na mwaka huo huo tovuti iliyokuja kuwa Booking.com ilianza Uholanzi. Hawa ni mawakala. Wanapokea maombi ya wasafiri, wanauza vyumba na viti visivyo vyao, na wanaishi kwa kamisheni au kwa tofauti ya bei, kama wakala wa mtaani. Ni mawakala wakubwa kuliko wowote waliowahi kuwepo, na hoteli nyingi ndogo huwalipa karibu asilimia 15 ya bei ya chumba, wakati mwingine zaidi. Gharama ya kumtafuta mgeni haikufutika. Ilihama kutoka kwa ofisi nyingi ndogo kwenda kwa kampuni chache zenye nguvu ya kumwamrisha mwenye hoteli.

Mashirika ya ndege yenyewe yamejaribu kumkwepa wakala mara kadhaa, na matokeo yanafundisha. Tangu Septemba 2015 Lufthansa ilianza kutoza yuro 16 kwa tiketi inayopitia mifumo mikubwa ya kuweka nafasi, ili kuwasukuma watu kwenye njia zake za moja kwa moja. Gharama hiyo aliibeba msafiri au wakala wake. Aprili 2023 American Airlines iliondoa sehemu kubwa ya nauli zake kwenye mifumo ya zamani, ikitaka mawakala wajiunge na viunganishi vyake vipya au wateja wanunue kwake. Wateja wa makampuni, wale wanaosafiri mara kwa mara na kulipa nauli za juu, walihamia kwa washindani kupitia mawakala wao. Mei 2024 shirika lilishusha makadirio ya mapato yake, afisa wake mkuu wa biashara akatangazwa kuondoka, na mkurugenzi mtendaji akakiri kwamba mkakati ule haukuleta walichotarajia. Nauli zikarudishwa. Shirika hilo, lililobuni Sabre pamoja na IBM, lilikuwa na programu nzuri ya simu na tovuti inayofanya kazi. Lililokosa ni watu walioaminiwa na wateja wake.

Upande wa wanaomtetea wakala nao una hoja dhaifu, na sitaificha. Utasikia kwamba wakala ana nauli za siri, au kwamba mashine haiwezi kuwa na utu. Nauli za jumla zipo kwenye baadhi ya njia, hasa safari za mbali, lakini bei nyingi anazoziona wakala ndizo unazoziona wewe, na kumwahidi kila mteja bei ya siri ni kujitafutia aibu. Kuhusu utu, msafiri aliyekwama uwanjani usiku hatafuti utu kwanza. Anatafuta mtu mwenye uwezo wa kuibadilisha tiketi yake. Ukarimu usio na mamlaka ya kufanya kitu ni pole tu.

Mamlaka hayo yanaonekana vizuri ukikaa karibu na wakala anapoianza siku yake. Niliwahi kukaa hivyo, na kwa muda mrefu sikumwona akitafuta nauli. Kitu cha kwanza alichofungua ni foleni, yaani orodha ya bukingi (nafasi zilizowekwa) ambazo mashirika yamezigusa usiku: ndege zilizosogezwa, zilizofutwa, viti vilivyopotea. Kwenye bukingi moja shirika lilikuwa limechelewesha ndege kwa nusu saa tu. Kwa abiria ambaye safari yake inaishia ndege hiyo inapotua, nusu saa si kitu. Huyu alikuwa na ndege ya kuunganisha, na muda uliobaki katikati ulikuwa umeshuka chini ya kiwango cha chini kinachokubalika kwenye uwanja ule. Pembeni ya safari yake alama ya HK, inayomaanisha nafasi imethibitishwa, ilikuwa imegeuka UN, inayomaanisha kipande hicho cha safari hakipo tena. Wakala akatafuta ndege nyingine ya shirika lile lile, akapiga simu kuomba kibali abiria ahamishwe bila kulipa kwa kuwa mabadiliko yametoka kwao, kisha akatoa tiketi upya. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi hawaielewi. Bukingi, ile yenye herufi na tarakimu sita, na tiketi, ile yenye tarakimu 13 zinazoanza na namba ya shirika, ni vitu viwili. Nafasi ikihamishwa bila tiketi kutolewa upya, abiria anaweza kufika kaunta akaambiwa jina lake lipo ila tiketi haiendani na ndege, asipewe kadi ya kupandia. Abiria yule alipokea ujumbe mfupi wenye saa mpya na tiketi mpya. Hakujua kilichoepukwa, na kwa sababu hakujua, akiulizwa wakala wake alifanya nini atasema alimkatia tiketi.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa ofa nyingi za mitandaoni. Mashine ikiambiwa itafute bei ya chini kabisa, mara nyingi huipata kwa kuunganisha tiketi mbili zisizojuana: shirika la kwanza hadi katikati ya njia, shirika la pili kutoka hapo hadi mwisho. Kwenye skrini inaonekana kama safari moja. Kwa sheria ni mikataba miwili. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako; linachotaka ni ufike kwa wakati. Usipofika unaandikwa kuwa hukutokea, na mara nyingi vipande vyako vilivyobaki, hata vya kurudi, vinafutwa. Mizigo nayo haipiti moja kwa moja. Unatakiwa uichukue na kuikabidhi upya, maana yake uvuke uhamiaji wa nchi ambayo hukukusudia kuingia, na pengine huna viza yake. Wakala anayefanya kazi yake huangalia hayo kabla ya kugusa bei. Hufungua kanzidata ya masharti ya pasipoti na viza ambayo hata wafanyakazi wa kaunta za ndege huitumia, Timatic, na kuona kama uraia wa mteja huyu unaruhusu kukanyaga pale katikati, na kama pasipoti yake ina muda wa kutosha. Maarifa hayo yanaweza kuingizwa kwenye programu, sina shaka. Yakikosewa, nani analipa tiketi mpya?

Tuna kesi moja inayojibu swali hilo kwa sehemu. Novemba 2022 abiria mmoja wa Kanada aliyefiwa na bibi yake aliuliza mashine ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Ikamwambia anaweza kusafiri kwanza na kuomba nafuu hiyo ndani ya siku 90. Alipoomba, shirika lilikataa, kwa kuwa kanuni zake haziruhusu kuomba baada ya safari. Mbele ya baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, shirika lilidai haliwajibiki kwa maneno ya mashine ile, utetezi ambao baraza lilisema ni sawa na kuifanya mashine kuwa kiumbe kinachojitegemea kisheria na kujibu kwa matendo yake. Februari 2024 baraza liliukataa, likasema kampuni inawajibika kwa kila kilichomo kwenye tovuti yake, na kuamuru abiria alipwe zaidi kidogo ya dola 800 za Kanada. Kiasi ni kidogo, lakini jaribio la kukwepa lilifanywa na kampuni kubwa mbele ya baraza bila kusita. Na hapo mashine ilikuwa ya shirika lenyewe. Itakuwaje pale mashine ni ya kampuni moja, orodha ya ndege ni ya kampuni ya pili, malipo yamepokelewa na ya tatu na ndege ni ya nne?

Haki inanitaka niseme pia kwamba mwaka 2020 mawakala wengi walishindwa mtihani huu. Janga la UVIKO-19 lilipozifuta safari, mashirika mengi yalizima uwezo wa wakala kurejesha fedha kupitia mfumo wake, yakataka wateja wachukue vocha za kusafiri baadaye badala ya pesa, ingawa kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria wa ndege iliyofutwa haki ya kurejeshewa fedha ndani ya siku 7. Msafiri akimpigia shirika anaambiwa aende kwa wakala wake. Akienda kwa wakala anaambiwa fedha ziko kwa shirika. Wakala mkweli alikuwa amekwisha kulipa kupitia BSP na hakuwa na kitu mkononi. Wapo wengine waliokaa kimya tu. Kwa msafiri wote walifanana, na hasira yake ilikuwa ya haki. Aliyenunua moja kwa moja kwa shirika alikuwa na mlango mmoja wa kugonga badala ya miwili, na hiyo ni faida ya kweli ya kununua bila wakala ambayo lazima ihesabiwe.

Ndani ya tukio hilo hilo kulikuwa na kundi lililokuwa na haki bayana zaidi: walionunua kifurushi cha safari kutoka kwa mwandaaji. Sheria ya Ulaya kuhusu vifurushi, iliyoanza na agizo la mwaka 1990 na kuandikwa upya kwa agizo la 2015 linalotumika tangu Julai 2018, inasema anayeunganisha usafiri na malazi na kuviuza kwa bei moja ndiye anayewajibika kwa vyote, na lazima awe na kinga ya fedha za wateja endapo atafilisika. Uingereza ilianza mfumo wake wa kinga, ATOL, mwaka 1973. Thomas Cook, kampuni iliyobeba jina la yule fundi wa samani, ilipoanguka tarehe 23 Septemba 2019 ikiwa na wateja wapatao 600,000 safarini, mamlaka ya anga ya Uingereza iliwarudisha nyumbani wateja wapatao 150,000 walioondokea huko. Ujerumani ilikuwa na kinga pia, ila bima ilikuwa na ukomo wa yuro milioni 110 na madai yakazidi hapo, hadi serikali ikalazimika kuahidi kufidia pengo. Kwa hiyo dhamana si neno la kupamba tangazo. Ina kiasi, ina mwenye kuishikilia na ina ukomo, na vyote vitatu vinaweza kuulizwa kabla ya kulipa.

Tukishaelewa hivyo, mjadala wa akili mnemba unabadilika. Wauza safari wako wa aina tatu, ingawa kwenye simu wanafanana. Yupo anayekuelekeza tu, anayekuonyesha bei kisha anakupeleka kwa mwingine ukalipie huko. Huyu mara nyingi hana wajibu wowote kwako. Yupo wakala, anayetoa tiketi na kupokea fedha kwa niaba ya shirika au hoteli. Wajibu wake ni kuifanya kazi hiyo bila uzembe na kukufahamisha kinachobadilika. Yupo mwandaaji, anayeuza safari nzima kwa jina lake na kuibeba nzima. Wasaidizi wengi wa akili mnemba leo ni wa aina ya kwanza wakizungumza kwa sauti ya aina ya tatu. Wanasema nimekupangia safari. Ukifika kwenye malipo, jina linalotokea kwenye taarifa ya kadi yako ni la kampuni ambayo pengine hukuitaja hata mara moja kwenye mazungumzo, na huyo ndiye utakayemtafuta ndege ikifutwa. Sioni ubaya wa kuwatumia kutafuta. Ubaya uko katika kuamini kwamba aliyetafuta amechukua na jukumu.

Mawakala nao wana kazi ya kufanya, na wengi wanaichelewesha. Mtu anayeuza dhamana huku akijitangaza kwa bei nafuu anashindana pale ambapo lazima ashindwe. Aitoze ada yake wazi, aieleze inalipia nini: nani atapokea simu usiku, nani anaangalia foleni mwishoni mwa wiki, kama kuna kamisheni anayopokea na kutoka kwa nani. Mteja akiuliza kwa nini amechaguliwa hoteli hii na si ile, jibu liwepo. Wakala asiye na majibu hayo hana tofauti na tovuti, ila ni mpole zaidi na anachelewa kujibu.

Wasimamizi wa sheria nao wana uamuzi ulio karibu kuliko wanavyodhani. Wakala mdogo mwenye wafanyakazi watatu anatakiwa kuonyesha hesabu, kuweka dhamana ya benki na kulipa makosa yake kwa ADM. Kampuni ya programu yenye watumiaji mamilioni inaweza kumshauri mtu, kumchagulia ndege na hata kubonyeza kitufe cha kulipa kwa niaba yake, kisha ikaandika kwenye masharti ya matumizi kwamba haihusiki na usahihi wa chochote. Inayopokea fedha za safari, au inayochagua na kukamilisha ununuzi kwa niaba ya mtu, iwekwe chini ya masharti yale yale ya wakala: amana, kinga ya fedha za wateja, na wajibu wa kulipia kosa la mashine yake. Isiyotaka kubeba hayo ibaki kuwa mwelekezaji, na kabla mnunuzi hajalipa imtajie kwa jina muuzaji halisi na kumwonyesha kama safari yake iko kwenye tiketi moja au mbili.